Turathi, Utambulisho na Ustawi wa Jamii: Kuelewa Dhana na Kujibu Maswali Yake

Methali "Mwacha mila ni mtumwa" hupatikana karibu katika kila rundo la karatasi za fasihi tunazosahihisha. Mtahiniwa huiandika, huipigia mstari, kisha husonga mbele bila kueleza ni utumwa wa aina gani anaozungumzia. Mwenzake aliyeketi dawati la nyuma huandika kinyume: "Mila zimepitwa na wakati, hivyo ziachwe." Naye pia husonga mbele.

Majibu haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yana kasoro moja. Yote mawili yanaichukulia turathi kama mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba moja: ama uubebe wote, ama uutupe wote. Jamii haziishi hivyo, na vitabu vyako teule havisemi hivyo. Lengo la sehemu hii ni kukuonyesha turathi hufanya kazi gani hasa katika maisha ya watu, ili ukiulizwa uwe na la kusema na ithibati ya kulitegemeza.

Mifano mingi inatoka Sagana na sehemu nyingine za Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Kirinyaga na Murang'a. Ikiwa unasomea Kilifi, Kakamega au Kajiado, fuata hoja lakini uweke mifano ya kwenu. Mtahini hatakunyima alama kwa kutaja mto wa kijijini mwenu.

1. Istilahi unazopaswa kuzitofautisha

Mila ni kanuni na matendo ambayo jamii imeyashikilia kwa muda mrefu. Desturi ni mazoea ya kila siku, kwa mfano namna ya kusalimia au kumkaribisha mgeni. Utamaduni ni jumla ya mfumo wa maisha ya jamii: lugha, imani, chakula, mavazi, sanaa na kazi. Turathi ni sehemu ya utamaduni huo ambayo kizazi kimoja kimekirithisha kizazi kingine.

Turathi ni za aina mbili. Zipo zinazoshikika, kama vile mahame, zana, mapambo na maeneo matakatifu. Zipo zisizoshikika, kama vile lugha, ngano, methali, nyimbo, miviga na maarifa ya tiba. Shirika la UNESCO lilipitisha mkataba wa kulinda turathi zisizoshikika mwaka 2003, na Kenya ikauridhia mwaka 2007. Mwaka 2014, ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Neno "dharura" lina uzito hapa. Jengo likibomoka mawe hubaki, lakini ngoma au ngano asiporithishwa mtu yeyote hutoweka pamoja na mzee wa mwisho aliyeijua.

2. Turathi na utambulisho: mimi ni nani?

Anza na majina. Jina Sagana linatokana na Thagana, jina ambalo Wakikuyu huuita mto unaopita hapo na ambao huko mbele hujulikana kama Tana. Mlima ulio kaskazini mwa mji huo wenyeji waliuita Kirinyaga. Mwaka 1849 mmishenari Johann Ludwig Krapf aliuona akiwa Ukambani, akaandika jina kadiri alivyolisikia kwa wenyeji wake Wakamba. Jina hilo ndilo lililokuwa la mlima, likawa la koloni mwaka 1920, na leo ni jina la nchi yetu. Kumbe unapojitambulisha kuwa Mkenya, unatamka neno la lugha ya Kiafrika lililopita mdomoni mwa mgeni. Utambulisho wetu umejengwa hivyo, kwa vya kwetu na vilivyotupitia.

Majina ya watu nayo yana mpango. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Wasichana hufuata utaratibu huo huo kwa nyanya zao. Kwa hivyo jina la mtoto si lebo tu. Linamweleza alipo katika ukoo, na linamfanya mzee ajione akiendelea kuishi ndani ya mjukuu. Ndiyo maana utamsikia bibi akimwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" kwa utani. Huo ni utani wa ukoo, na ni fasihi simulizi pia.

Rika nalo ni utambulisho. Vijana waliopashwa tohara pamoja walikuwa riika moja, na riika hupewa jina kutokana na tukio la wakati huo. Waliopashwa tohara mwaka 1940 waliitwa "Forty", na baadhi yao walikuja kujulikana katika siasa za kupigania uhuru kama Anake a Forty, yaani vijana wa Arubaini. Jamii ambayo haikuandika vitabu vya historia iliandika tarehe zake juu ya watu. Ukiulizwa umuhimu wa miviga, usiishie kusema kuwa "inaelimisha". Sema pia kwamba ilikuwa kalenda na daftari la historia.

Hatimaye kuna lugha. Karatina, mji ulio njiani ukitoka Sagana kwenda Nyeri, ulikuwa makao ya mwandishi na mchapishaji Gakaara wa Wanjau. Aliwekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na shajara yake ya kizuizini, iliyoandikwa kwa Kikuyu, ilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Jiulize: kwa nini mtu aliyepoteza uhuru wake aendelee kuandika katika lugha ya mama? Kwa sababu waliomfunga waliweza kumnyang'anya shamba na miaka yake, lakini hawakuweza kumnyang'anya maneno aliyojitambulisha nayo. Huu ndio "utumwa" unaotajwa katika ile methali: kufikia hatua ambapo huwezi kujieleza ila kwa maneno uliyoazimwa.

3. Turathi na hisia ya kuwa na kwenu

Utambulisho hujibu swali "Mimi ni nani?" Kuwa na kwenu hujibu swali jingine: "Nikipatwa na shida, nani atakuja?"

Wakikuyu walikuwa na ngwatio, utaratibu wa majirani kukusanyika na kulima shamba la mmoja wao, kisha kuhamia la mwingine kwa zamu. Waswahili huuita ujima. Methali ya Kikuyu "Kamuingi koyaga ndiri" husema kuwa kikundi, hata kikiwa kidogo, huinua kinu. Ukitaka methali ya Kiswahili inayolingana nayo, taja "Kidole kimoja hakivunji chawa." Katika miaka ya 1960 wanawake wa eneo la kati la Kenya waliutumia utaratibu huo huo kwa haja mpya. Walichanga fedha kwa zamu ili kila mmoja aezeke nyumba kwa mabati, na vikundi vyao vikaitwa vya mabati. Vyama vya leo vya kuweka akiba, ambavyo huenda mama yako ni mwanachama wa kimojawapo, vimetoka katika mizizi hiyo. Turathi hapa haikufa, ilibadilisha nguo.

Ukitaka kujua thamani ya kitu, angalia kinachotokea kikiondolewa. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja kutoka maboma yao yaliyotawanyika juu ya matuta, ikawarundika katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na askari. Lengo lilikuwa kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau msituni. Lakini pamoja na maboma yalivunjika mambo mengine: makaburi na miti ya sala ikaachwa nyuma, majirani wa mbari moja wakatenganishwa, na jioni za kusimulia ngano zikawa saa za kafyu. Ukipata swali kuhusu changamoto zinazoikabili fasihi simulizi, usitaje televisheni na simu pekee. Taja pia historia ya watu kung'olewa walipokuwa wameota mizizi.

4. Turathi na ustawi wa jamii

Watahiniwa wengi huona ustawi kuwa ni fedha tu. Ustawi ni pamoja na maji, chakula, afya, amani ya nyumbani na matumaini.

Profesa Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Katika tawasifu yake anasimulia kuwa utotoni mama yake alimkanya asiokote kuni kwenye mti fulani wa mugumo karibu na kwao, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito ambako alichezea mayai ya vyura. Aliporudi akiwa mtu mzima, mti ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Mwanasayansi huyo alikuja kufahamu kwamba mizizi ya mugumo hupenya chini sana, hushika udongo usiporomoke na husaidia maji ya ardhini kupanda juu. Wazee hawakuwa na maabara, lakini mwiko wao ulifanya kazi ya sheria ya mazingira. Mwaka 1977 Maathai alianzisha Green Belt Movement, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Pwani kuna mfano unaofanana na huo. Makaya ya Wamijikenda ni misitu mitakatifu iliyolindwa kwa miiko kwa karne kadhaa. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Turathi za Dunia. Mwiko uliomzuia mtu kukata mti ndio uliohifadhi msitu.

Kwa hiyo, ukiulizwa dhima ya miiko, usiseme tu kwamba "huwatisha watoto". Eleza kilicholindwa na hofu hiyo.

5. Turathi inapoumiza

Sasa tufike mahali pagumu. Si kila kilichorithiwa kinafaa kurithishwa.

Mwaka 1929 ulizuka mgogoro mkubwa katika Mlima Kenya kuhusu ukeketaji wa wasichana. Baadhi ya misheni, zikiwemo za Kanisa la Scotland zilizokuwa na kituo Tumutumu karibu na Karatina, ziliwataka waumini wao waukane utamaduni huo. Wengi walikataa, wakatoka makanisani na kuondoa watoto wao shuleni. Kutokana na mgogoro huo zilichipuka shule huru za Wakikuyu, zilizojengwa kwa michango ya wanakijiji, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo katika Hali ya Hatari.

Tazama historia hii kwa makini. Ndani yake kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni tendo lililoumiza miili ya wasichana, ambalo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imelipiga marufuku. La pili ni uwezo wa watu maskini kuchanga shilingi na kujijengea shule wenyewe. Watu wa wakati ule waliyatetea yote mawili kwa jina moja, yaani "mila zetu". Leo jamii imelikataa la kwanza, na la pili bado tunaliita harambee. Basi mtu anaweza kukataa sehemu ya turathi na bado akawa mrithi halali.

Turathi huumiza pia inapogeuzwa ukuta wa kuwafungia wengine nje. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu elfu moja waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao, wengine wakiwa wameulizwa jina na lugha kabla ya kufukuzwa. Majina yale yale tuliyoyasifu katika sehemu ya pili yalitumiwa kumtafuta wa kumdhuru. Kuwa na kwenu ni jambo jema mradi hakumfanyi jirani akose kwao.

Katiba ya mwaka 2010 imepima pande zote mbili. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake, kisha kinakataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine kufuata mila au kufanyiwa tambiko. Soma tena sehemu hiyo ya pili. Inamhusu msichana na mvulana wa umri wako.

6. Tukiingia katika tamthilia

Chukua Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Yona na Sara wana mabinti watatu: Neema, Asna na Salome. Wanakijiji wanamcheka Yona kwa kukosa mtoto wa kiume. Kejeli hizo zinamsukuma kwenye ulevi, na Sara anaumia mikononi mwake. Mtahiniwa wa kawaida ataandika: "Mila zinamdhalilisha mwanamke." Hoja hiyo ni sahihi, lakini imeishia njiani. Endelea kuuliza: je, wanaomcheka Yona wanaijua turathi yao au wanaitumia tu?

Linganisha na ngano asilia ya Wakikuyu. Mahali panapoitwa Mukurwe wa Nyagathanga, katika kaunti jirani ya Murang'a, ndipo inaposimuliwa kuwa Gikuyu na Mumbi walianzia maisha. Nyumba yao haikuwa na mtoto wa kiume hata mmoja. Walipata mabinti tisa, na masimulizi huongeza mmoja kwa kuwa hesabu ya "tisa kamili" ilihofia kutaja idadi halisi ya watoto. Kutokana na mabinti hao ndizo zilizotokea mbari za Wakikuyu. Majina kama Wanjiru, Wambui na Wanjiku, unayoyasikia kila siku katika soko la Sagana, ni majina ya mabinti hao.

Tamthilia haisemi kuwa kijiji cha Yona ni cha Wakikuyu, nawe usiandike hivyo. Lakini ulinganisho huu unatufunza jambo. Jamii inaweza kuwa na ngano inayosema kuwa watu wote wametoka katika nyumba ya mabinti, na bado katika jamii hiyo hiyo akapatikana mtu wa kumcheka jirani kwa kuzaa mabinti. Hapo kasoro imo katika kumbukumbu ya anayejiita mlinzi wa turathi. Mara nyingi turathi ni pana kuliko wanaojitia kuisemea.

Sasa rudi kwa Sara anapougua. Neema, binti, ndiye anayemshughulikia mamaye. Angalia pia jinsi suala la mama mkwe kulala nyumbani kwa mkwewe linavyoletwa kama jambo la mila. Heshima baina ya wakwe ina maana yake, kwa kuwa hulinda staha ya nyumba mbili. Lakini heshima hiyo inapokutana na mgonjwa anayehitaji kuwa karibu na hospitali, mwandishi anatutaka tupime: mila iliwekwa kwa ajili ya watu, au watu kwa ajili ya mila?

7. Namna ya kujibu

Swali: "Turathi hujenga na hubomoa." Thibitisha kauli hii ukirejelea Bembea ya Maisha. (alama 20)

Fanya yafuatayo:

(a) Gawa jibu pande mbili. Neno "na" katika kauli si pambo. Ukijibu upande mmoja, umejitoza alama mwenyewe.

(b) Kila hoja iwe na ngazi tatu: kauli, ithibati kutoka kitabuni, na matokeo kwa mhusika au jamii. Wengi huandika ngazi mbili za kwanza na kuisahau ya tatu.

(c) Taja mhusika kwa jina. "Mhusika fulani alidharauliwa" haitoshi. Sema ni nani, na nani, na kwa nini.

(d) Epuka kuhukumu kwa jumla. Badala ya "Mila ni mbaya", andika "Mila ya kumthamini mtoto wa kiume kuliko wa kike inavunja amani katika ndoa ya Yona na Sara".

(e) Mifano ya nje ya kitabu, kama ile ya mugumo au ngwatio, itumie katika fasihi simulizi na insha. Katika swali la tamthilia, alama hutoka ndani ya tamthilia.

8. Zoezi la kufanya kabla ya muhula kwisha

Unanuia kukusanya data kuhusu majina na maana zake katika kijiji chenu.

(i) Taja mbinu mbili utakazotumia kukusanya data na utoe sababu ya kuzichagua. (alama 4)

(ii) Eleza vifaa vitatu utakavyohitaji. (alama 3)

(iii) Fafanua matatizo matatu unayoweza kukumbana nayo. (alama 6)

Nakusihi usilijibu kwa kukisia. Mwendee nyanya au babu, wako au wa jirani, na umuulize jina lake lilitoka kwa nani, na huyo naye alilipata kwa nani. Andika kwa lugha anayoitumia, kisha tafsiri. Ikiwa Kikuyu, Kiembu au Kikamba chako kimekuwa cha kuunga kwa sheng', hilo ni tatizo la kuandika katika (iii), na ni jibu la kweli. Ikiwa huna wazee, au jina lako lilitolewa na mlezi au makao ya watoto, muulize aliyekupa sababu ya kulichagua. Nalo ni simulizi, na linakuhesabu.

Utafiti wa nyanjani kwa kawaida una tatizo moja ambalo watahiniwa hulisahau: msimulizi anaweza kufariki kabla hujamfikia. Katika mtihani hiyo ni hoja ya alama mbili. Kijijini, ni ngano, majina na nyimbo ambazo hakuna atakayeweza kuzirudisha. Nenda wikendi hii.